Siku Nilipolicheka Neno la Bibi Nkwimba

Nakumbuka, mwanangu, asubuhi moja baada ya mvua za kwanza, udongo wa Bugarama ukiwa bado unanata kwenye viatu, nilivyosimama katikati ya shamba la mjane nikawachekesha watu kumi na wawili kwa neno moja. Walicheka mpaka wengine wakashika magoti. Nikajiona mimi ndiye mimi. Lakini wazee walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, na mimi siku ile nilijikwaa ulimi mchana kweupe.

Kwanza unijue. Wapo wanaosema Mabula anajisifu. Waache waseme, aliyesoma kwa njaa ana haki ya kubeua. Nilitoka nyumbani na kaptula mbili. Nilibeba viroba vya mawe Geita, nikawachemshia chai wachimba almasi pale Maganzo, nikaingia chuo cha madini nikiwa na ndevu, nimekaa dawati moja na watoto waliotoka shule juzi. Niliwashinda. Kisha nikavuka Ziwa Tanganyika nikafanya kazi Katanga miaka sita. Sikusomeshwa na mjomba wala kubebwa na mtu. Niliporudi na stashahada yangu ya miamba, wachimbaji walinipa jina la Diploma, nami sikulikataa.

Nilirudi pia na daftari. Humo niliandika maneno niliyoyaokota njiani, hasa yale yanayofanana sura lakini hayana undugu. Chukua yaya. Pwani, yaya ni dada anayelea mtoto wa mwingine. Wajuzi husema neno hilo lilipanda meli na Wareno, likapitia kwa Wahindi, likashuka kwetu limeshachoka na safari. Katanga, yaya ni kaka yako au dada yako mkubwa, na hilo halikupanda meli yoyote. Kwetu Usukumani, yaya ni hapana. Basi. Mtoto anayeanza kusema analijua hilo. Maneno matatu yamevaa shati moja, na ukiyaweka chumba kimoja hayatasalimiana. Ukurasa ule niliupenda kuliko cheti changu.

Sasa turudi shambani. Nilikuwa nimeuona mwamba wenye dhahabu unapita chini ya shamba la Bibi Nkwimba, nikakusanya kundi tufungue duara, yaani shimo letu la kuchimbia. Kibali cha uchimbaji tulikuwa nacho. Kilichobaki ni neno la mwenye shamba, kwa sababu desturi ya huku ni kwamba sululu haigusi ardhi ya mtu kabla hajakubali kwa kinywa chake, mbele ya watu. Tukamkuta anapanda karanga, karibu na kaburi la mumewe lililozungushiwa ua wa minyaa.

“Shikamoo, bibi.”

“Marahaba, Mabula. Umekuwa mtu mkubwa. Mama yako hajambo?”

“Hajambo. Bibi, mwamba mzuri unapita hapa, chini ya minyaa. Tukuchimbie, upate fungu la mwenye shamba.”

Akatazama minyaa, akatazama jembe lake.

“Yaya,” akasema, kwa sauti ya mtu anayekataa kuongezewa uji.

Hapo ningenyamaza, mwanangu. Lakini nyuma yangu walikuwa watu wa Tanga, wa Kigoma, wa Kongo, na daftari liliniwasha mfukoni.

“Mmesikia?” nikawageukia. “Bibi anataka yaya! Nani ana binti wa kuja kumbembeleza?”

“Baki mwenyewe, Diploma,” akasema Saidi wa Tanga. “Mikono laini ile, mtoto atalala mara moja!”

Wakaangua kicheko. Nikamgeukia Ilunga, Mkongo mtu mzima aliyekuwa fundi wetu wa kuweka magogo ya kuzuia kuta za shimo, ambaye wenzake wa Katanga walimwita Yaya kwa heshima. “Au anakuita wewe, Yaya Ilunga? Itika, mkubwa!”

Ilunga hakucheka. Bibi akarudia: “Yaya.” Mara hii lilitoka dogo zaidi, na kicheko kikalifunika kama vumbi la karasha, ile mashine ya kupondea mawe. Nami, niliyelielewa kuliko wote pale, nikasema maneno ambayo hata leo yakinijia katikati ya chakula naweka tonge chini:

“Chimbeni. Hajakataa kwa Kiswahili.”

Wakachimba. Bibi hakupiga kelele. Alikung'uta udongo kwenye jembe, akaliweka begani, akaondoka. Nikadhani ameshindwa. Ujana una macho ya mbele tu.

Mchana ule ule wazee walikaa kikao kusikiliza shauri la bibi. Mimi sikuitwa, wala sikujali. Kesho yake asubuhi nikampita Mzee Masanja anaziba pancha ya baiskeli yake. “Shikamoo, mzee.” Akaendelea kusugua mpira. Nikadhani masikio yamechoka. Kisimani, akina mama waliponiona wakaacha pampu, wakajitwika ndoo zilizojaa nusu. Dukani nikaomba sabuni. Muuzaji akakunja khanga moja mara tatu bila kuinua uso. Nikafika nyumbani, mama yangu mzazi akaniwekea ugali nje ya mlango, akaingia ndani, akafunga.

Nilikuwa nimetengwa. Kama hujawahi kuiona adhabu hiyo, usiombe. Hupigwi, hufungwi. Husalimiwi tu. Hupewi moto, huazimwi jembe, mashine ya kusaga haikusagii, na anayekusemesha anaingia kwenye tengo lako. Siku ya kwanza nilijipa moyo: nimeishi miji mikubwa ambako jirani hanijui, hili ni nini? Lakini kule hawakuwa wakinijua. Hapa, watu walionibeba mgongoni walinipita kama kisiki. Mimi mwenye daftari la maneno ya nchi tatu, hapakuwa na mtu wa kunipa hata “mhm.” Siku ya tatu nilijikuta najibu salamu za watu waliokuwa wakisalimiana wenyewe.

Kundi langu nalo likayeyuka. Hawakupata wa kuwauzia maji wala unga, wakafunga mizigo mmoja mmoja. Wa mwisho alikuwa Ilunga. Alikuja na shoka lake begani, na kwa kuwa alikuwa anaondoka, tengo halikumtisha.

“Diploma,” akasema kwa Kiswahili cha kwao, “kwetu ukiita mutu yaya, unanyamaza ye aseme. Weye ulijua zote tatu. Ukachagua ile ya kuchekesha.”

Akaenda zake. Nilibaki nimekaa ukingoni mwa shimo. Nimefanya mitihani mingi na kufaulu, lakini sikuwahi kusomewa majibu yangu waziwazi kiasi kile.

Nikachukua sepetu. Peke yangu, siku mbili, nikarudisha udongo wote nilioutoa kando ya yule mzee aliyelala kaburini, mpaka viganja vikatoka malengelenge. Bibi alisimama ng'ambo ya minyaa akitazama. Kisha nikamwendea mjomba wangu, nikasimama mbali nikazungumza na hewa, naye akasikia. Akapeleka dume langu la ng'ombe kwa wazee, kama ilivyo mila. Likachinjwa, likaliwa, mimi sikuonja. Ndipo nikaitwa mbele ya Bibi Nkwimba.

“Mabula, siku ile ulinisikia?”

“Nilikusikia, bibi.”

“Ulielewa?”

Wazee wote walinitazama. Ningeweza kusema nimekaa nje miaka mingi, lugha imenipotea. Wangeniamini, wengi hurudi hivyo.

“Nilielewa.”

Akapumua. “Basi hilo ndilo nililotaka. Nilikuwa najiuliza, pengine mtoto huyu amesahau kwao. Aliyesahau tunamfundisha. Aliyeelewa anaomba radhi.”

Nikapiga magoti nikaomba radhi. Akanipa kibaba cha karanga za mbegu, akaniambia nikazipande juu ya shimo nililolifukia. Nikazipanda zote. Nilipomaliza nikafuta mikono, nikarudi mbele yake nikajaribu, kama mtoto: “Shikamoo, bibi.”

“Marahaba.”

Mwanangu, nimepongezwa na wakubwa wa kazi, nimepigiwa makofi siku ya kuhitimu. Hakuna kilichowahi kunitoa machozi ila marahaba ile moja.

Tukiwa tunarudi kutoka shambani akaniuliza, kama mtu anayeulizia hali ya hewa: “Huo mwamba wako unaishia kwenye minyaa?”

“Hauishii, bibi. Unaendelea mpaka kule kwenye kichuguu.”

“Kule hakuna aliyelala. Kule ungeniuliza, ningekwambia ee.”

Nikasimama. Stashahada yote ile, na sikuwa nimeuliza swali la pili.

Duara la kichuguuni lipo mpaka leo, wajukuu zake wawili ndio wasimamizi, na Ilunga alirudi akatuwekea magogo. Minyaa imerefuka kuliko mtu. Karanga hupandwa pale kila mwaka, na mimi hupelekewa ungo wangu mapema, hata nikiwa safarini. Nani mwingine mwenye cheti kama changu hupelekewa karanga? Niambie.

Daftari bado ninalo, nalo sasa ni nene. Lakini tangu siku ile, kando ya kila neno naandika pia nani alilisema, na alikuwa anataka nini. Kwenye ukurasa wa yaya nimeongeza mstari mmoja: Bibi Nkwimba, shambani kwake, hakutaka kaburi la mumewe lichimbwe.

Basi shika hili, wewe unayesoma na kusafiri. Jifunze lugha kadiri uwezavyo. Ni mali isiyoibiwa, nami sitaki usikie mzee akikwambia elimu ni mzigo. Fuatilia neno mpaka ujue lilipanda meli gani. Lakini mtu akisimama mbele yako akasema lake, maana iliyo sahihi ni ile aliyonayo yeye, si ile inayokupendezesha wewe. Usiutumie ujuzi wako kujifanya hukuelewa. Huo ni uongo ulioenda shule. Na ukikataliwa, nyamaza kwanza, kisha uliza kwa adabu ni wapi utakapokubaliwa. Mara nyingi ni hatua chache tu mbele, kwenye kichuguu.

Nenda, mwanangu. Mungu akupe masikio yaliyo mapana kuliko mdomo, akufungulie nchi nyingi na ndimi nyingi, na kila utakaporudi nyumbani ukatoa shikamoo, asikose kuwepo mlangoni mtu wa kukuitikia.