Joho la Harusi na Mba za Kadogo

Mtu akimtukana dada yangu Miza, atukane, dada ana mdomo wa kujibu. Lakini paka? Paka atamjibu nani?

Miza ni fundi cherehani hapa Buyenzi, Bujumbura, mwaka wa ishirini na sita huu. Nusu ya kanzu zinazopita mbele ya msikiti wetu zimetoka mikononi mwake. Hakuzaa, mumewe ametangulia mbele ya haki, na mgongo umemharibikia kwa kuinamia mashine. Mimi ni mdogo wake, nakaa naye. Na yuko Kadogo, paka wa rangi ya majivu, anayelala juu ya meza ya kukatia kana kwamba yeye ndiye fundi.

Juzi akaja Muhanna, mwenye duka la vitambaa, kuangalia joho jeusi la harusi ya mwanawe Yaseen. Akalipeleka mlangoni kwenye mwanga. Begani manyoya, na juu ya manyoya mba nyeupe, kama mtu kamwaga unga wa muhogo.

"Miza, hii paka iko na ugonjwa," akasema, pua ameikunja. "Mutoto wangu aende kwenye nikaha na uchafu wa paka? Umutupe, ama nachukua kitambaa changu. Nakupa mpaka kesho."

Wallahi damu ilinichemka! Nilimpa vidonge vyake palepale, ameze ateme, shauri yake. "We Muhanna, paka anaingia mpaka msikitini, nani amemufukuza? Uchafu uko kwenye roho yako!" Miza akaniambia ninyamaze. Mimi, ninyamaze!

Haya, kweli Kadogo alikuwa anatia huruma. Ukimpapasa, mkono unajaa manyoya. Mgongo mkavu, anajikuna kutwa kucha. Lakini uchafu? Nyumbani kwetu Ijumaa kila mtu anaoga, na Kadogo pia. Miza hawezi kuinama, kwa hiyo namuogesha mimi, kwa mikono hii, na sabuni ya unga, mpaka povu linafunika beseni. Mba zilipoanza nikaongeza Jumatatu. Zilipozidi nikaongeza Jumatano. Nionyesheni mwingine Bujumbura nzima anayemuogesha paka mara tatu kwa wiki! Halafu mtu anakuja kwetu kukunja pua.

Asubuhi yake nikamtia Kadogo kwenye kikapu, mpaka Kamenge, kwa Adolphe, mganga wa mifugo. Nikamwambia aandike karatasi kwamba paka hana ugonjwa, apige na muhuri, nikambandike nayo Muhanna usoni.

Adolphe akafunua manyoya kwa vidole, akatafuta viroboto, hakuona hata mmoja.

"Munamuogeshaka, mama?"

"Mara tatu kwa wiki!" Kifua mbele.

"Na sabuni gani?"

"Ya kufulia. Inatoa kila kitu."

"Ndiyo, inatoa kila kitu," akasema. "Inatoa na mafuta ya ngozi. Ngozi inakauka, inabanduka, manyoya inaanguka. Apana ugonjwa, mama. Acha maji. Paka anajiosha na ulimi. Umuchane na brashi laini, umupe ndagala, zile samaki ndogo, si ugali mutupu. Atapona polepole."

Nilitaka kumgombeza. Nikafunika kikapu, hata karatasi sikuidai tena. Njia nzima niliona aibu, na Kadogo kikapuni ananitazama tu.

Nilipofika, joho halikuwa mezani. Miza amekaa, mikono mapajani.

"Muhanna amekuja?"

"Sikumungoja. Nimemupelekea joho yake mwenyewe, nusu haijashonwa." Macho yake mekundu, sauti imara. "Wenzake wawili walikuwa dukani, nao wamesema watapeleka kanzu zao kwa fundi mwingine. Wapeleke! Nimewaambia wote watatu: paka wangu hana kosa. Mudogo wangu anamuogesha mara tatu kwa wiki."

Nikaweka kikapu chini.

"Dada," nikasema, "kazi hiyo nimekupotezea mimi."