Mgeni Aliyekunywa Ndoo ya Mate

Kabla hujaniuliza kama nilikuwa nimelewa, nikujibu: sikuwa nimelewa. Kazi yangu ilikuwa kuonja mvinyo, na mtu anayeonja kwa kazi hamezi. Anauzungusha mdomoni, anauvutia hewa, halafu anautema. Kwa hiyo haya niliyaona nikiwa na akili zangu zote, alasiri, jua likiwaka nje, katika hoteli moja ya hapa Maskati ambayo siitaji kwa sababu wenzangu bado wanafanya kazi pale.

Mimi ni Mkenya, nimezaliwa Machakos. Nilikuja Oman kuhudumu mezani, na baada ya miaka michache wakaniweka upande wa mvinyo, maana hoteli zenye kibali huuza. Niligundua nina ulimi. Kuna watu wana sikio la muziki. Mimi nilikuwa na ulimi. Ungenipa glasi tatu nimefumba macho, ningekuambia ipi ilikaa kwenye pipa la mbao na ipi ilipigwa na joto ndani ya kontena. Mwaka huo walikuwa wanatafuta msimamizi wa mvinyo. Mudir, yaani meneja wetu, aliniambia wazi kwamba nikiendesha vizuri kikao cha kuonja mvinyo wa Bolivia, nafasi ni yangu.

Mwenye mvinyo alikuja mwenyewe, mama wa makamo aitwaye Rosalia, mfupi, mikono imekakamaa kama ya mkulima yeyote wa kwetu. Alinieleza kwa Kiingereza cha polepole kwamba kwao wanalima juu sana milimani, mahali ambapo mgeni hukosa pumzi akipanda ngazi tu. Jua la huko ni kali na usiku ni baridi, ndiyo maana zabibu zao zina ganda nene. Shamba lake la zamani halina hata nguzo. Mizabibu inapanda juu ya miti, kama maharagwe yanavyopanda mahindi, na wavunaji wanatumia ngazi. Nilipoonja chupa ya kwanza nilisikia pilipili manga, kisha vumbi wakati mvua inaanza. Niliupenda mvinyo ule. Nasema hivyo ujue sikuwa na chuki nao tangu mwanzo.

Kila chupa ilibidi tuionje sisi wawili kabla ya wageni, kuhakikisha haijaharibika. Tukaonja, tukatema kwenye ndoo moja ya fedha. Saa tisa wageni wanane wakaingia, nao wakaonja, nao wakatema humo humo.

Umewahi kuiona ndoo ile mwisho wa kikao? Watu wakizungumza habari za mvinyo huwa hawaitaji. Ni maji ya zambarau mazito, yana povu la mate juu, na nyuzi za mate zinazovutika ukiinamisha. Siku ile mgeni mmoja alikuwa ametumbukiza kokwa za zeituni. Mwingine, bwana mnene mwenye fizi zinazotoka damu, alikuwa amejifuta mdomo kwa karatasi na kuitupa humo. Makombo ya mkate yamevimba. Siku zote nilikuwa naimwaga nikiwa nimegeuza uso, na nilikuwa nimezoea.

Yule mtu aliingia kikao kikiwa katikati. Suti ya kijivu, nywele zimechanwa vizuri, midomo imepasuka kwa ukavu. Nikadhani ni rafiki wa mgeni mmojawapo, nikamwekea kiti na glasi. Hakugusa glasi. Chupa tano zilipita mbele yake na hakuonja hata moja. Kila mtu alipotema, yeye aligeuza kichwa kuangalia, kama vile paka anavyomwangalia mtu anayekula samaki.

Wageni walipohamia chumba cha pili kula jibini, yeye alibaki. Nikaichukua ndoo nikaimwage. Akasimama mbele ya mlango.

"Dada," akasema, kwa Kiswahili, tena cha kwetu Kenya, "usimwage. Nipe mimi."

Nikamuuliza anaitakia nini. Aliweka mikono yake chini ya ndoo, juu ya mikono yangu, na mikono yake ilikuwa na unyevu kama nyama iliyotolewa kwenye friji. Niliachilia kwa kinyaa, sikuachilia kwa hofu. Hofu ilikuja baadaye.

Akainua ndoo akanywa.

Niamini, nimekulia kati ya ng'ombe, nimesaidia mbuzi kuzaa, sioni kinyaa haraka. Lakini sauti ile ya kuvuta, na yale makombo yakiteleza, na ile karatasi ya damu ikigusa mdomo wake naye akaifyonza kabla ya kuimeza. Hakupumua hata mara moja. Koo lake halikucheza. Vitu vilikuwa vinashuka tu kama maji kwenye bomba la sinki. Alipomaliza aliingiza kichwa ndani ya ndoo akalamba sehemu ya chini, na nilisikia ulimi wake ukikwaruza chuma.

Kisha akainua uso akaanza kuzungumza, na sauti haikuwa yake.

Kwanza ilitoka sauti ya yule bwana mnene, ile ile yenye mkoromo, akimwambia daktari wake kwenye simu kwamba mke wake asijue. Ikafuata sauti ya mama Rosalia kwa lugha yake, akinong'ona maneno kama ya sala. Ikatoka ya mwanamke mmoja aliyekaa karibu na dirisha, akimtukana mfanyakazi wake wa nyumbani. Mmoja baada ya mwingine, kila mdomo uliotema humo, maneno uliyoyasema siku ile ile. Nami nimesimama nikijua yangu yanakuja.

Yakaja, kwa Kikamba, kwa sauti yangu mwenyewe, na kile kikohozi kidogo ninachokohoa nikidanganya.

"Nimeomba ruhusa, Mutheu. Wamekataa. Mwambie mama nitakuja mwezi ujao."

Mutheu ni dada yangu. Alikuwa amenipigia asubuhi ile kuniambia mama amezidiwa, hali tena chochote ila uji, ananiulizia. Na ruhusa sikuwa nimeomba. Sikumuuliza mudir hata kwa utani, maana niliogopa kukosa kikao hiki na ile nafasi. Hakuna mtu aliyejua, hata Mungu sikuwa nimemwambia.

Yule mtu akalamba midomo yake. Haikuwa imepasuka tena.

"Ya kwako ndiyo tamu zaidi," akasema, sasa kwa sauti yake.

Nikatapika pale pale kwenye zulia. Nilipoinua kichwa, mama Rosalia alikuwa mlangoni, uso umekuwa kama majivu. Alikuwa amesikia sauti yake mwenyewe akiwa kwenye korido. Ndoo ilikuwa sakafuni, kavu, inang'aa kuliko ilivyotoka dukani. Mtu hayupo, na mlango ulikuwa mmoja tu, huo mama Rosalia alipokuwa amesimama. Aliniambia kwamba kwao, chupa ikifunguliwa, tone la kwanza humwagwa ardhini, ni la ardhi. Siku ile alikuwa ameona haya kuchafua zulia la watu. Kama hiyo ndiyo sababu, mimi sijui. Nakupa nilichoambiwa.

Basi la wafanyakazi la kwenda Ghala, tunakoishi, lilikuwa linaendeshwa na ami Khalfan, Muomani aliyezaliwa Unguja. Nilikaa kiti cha mbele nikamuuliza kama amemwona mtu wa suti ya kijivu getini. Akasimamisha basi kwenye taa za barabarani.

"Nimemuona," akasema. "Kaja pale getini nnakunywa chai, kaniomba ile niloibakisha. Nikamwambia nitakununulia kikombe kizima. Hataki, ataka ile yangu. Nikaimwaga chini mbele ya macho yake."

Nikamsimulia yote, hata lile la mama. Hakunihubiria wala hakuniuliza maswali.

"Mwanangu, hayo ya mtu yule mie sina elimu nayo. Lakini mama yako nnamuelewa. Nenda."

Kesho yake nikaomba ruhusa. Mudir alinipa baada ya dakika mbili, hakuuliza hata ni ya siku ngapi. Dakika mbili tu. Nafasi akapewa mwingine, na sikuipigania.

Nilimkuta mama yu hai. Amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale yale. Mutheu alinikabidhi bakuli la uji nimlishe. Mama akaniambia nionje kwanza kama ni wa moto, kama alivyokuwa akituonjea sisi tukiwa wadogo. Nikatia kijiko mdomoni. Kijiko kile mama alikuwa amekitumia kabla yangu, na ulimi wangu ukajua. Nilisikia dawa zake, meno yake, usiku aliolala mdomo wazi. Nilijaribu kumeza, Mungu ni shahidi yangu. Mwili ukakataa, nikakimbilia nje nikautoa.

Niliporudi mama alikuwa ameugeukia ukuta. Nikamwambia ni safari, ni tumbo limechafuka kwenye ndege. Nikakohoa. Akasema, "Sawa, mwanangu," na tangu hapo alilishwa na Mutheu hadi alipofariki, tukamzika siku ya Alhamisi.

Sasa niko chumba cha nguo hotelini, napiga pasi mashuka. Mvinyo sigusi. Nina kikombe changu na kijiko changu, navifungia kabatini, na hata hivyo kuna siku maji ya bomba yananiletea midomo ya watu nisiowajua.

Wewe unaweza kucheka. Lakini kikombe ulichobakiza, usikiache mezani ukaondoka. Kimwage mwenyewe, ukisuuze mwenyewe. Na mtu usiyemjua akikuomba kilichotoka mdomoni mwako, hata akikuita dada, hata akiomba kwa adabu, mkatalie. Mimi niliachilia ndoo kwa sababu mikono yake ilinitia kinyaa, na mama yangu alikufa akidhani ni yeye anayenitia kinyaa.