Ng'ombe wa Darasa la Kihispania

Mwanzoni mwa miaka ya sabini, karibu na Ikonge kule Kisii, nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi mwenye ulimi mkali na Kihispania kidogo nilichofundishwa na mtawa mmoja wa misheni. Basi alipoletwa daktari kutoka Hispania asiyejua Kiingereza wala Kiswahili, mtawa akanibebesha mzigo: kila Jumamosi mchana niwafundishe wafanyakazi wa misheni. Ambaye angeishika lugha vizuri angekuwa mkalimani wa zahanati.

Nafasi hiyo aliitamani sana msichana mmoja aliyeolewa juzijuzi, aliyekuwa akipiga deki pale zahanati. Akili yake ilikuwa wembe. Tatizo ni kwamba mpishi wa misheni naye alikuwa mwanafunzi wangu, na mpishi huyo alikuwa baba mkwe wake.

Kihispania kina njia mbili za kusema mtu yukoje. Ser ni ya vile ulivyo: mimi ni mwalimu, wewe ni mrefu. Estar ni ya mahali ulipo na hali uliyo nayo: uko sokoni, umechoka, unaumwa. Kwetu watu husema "niko mgonjwa", Kiswahili ambacho shuleni nilikikata kwa wino mwekundu bila huruma. Sasa nikameza mate nikawaambia: penye "niko", wekeni estar. Walifurahi sana, washenzi wale!

Ser ilipita bila shida. Tulipofika estar, nikaagiza kila mtu amuulize jirani yake yukoje. Msichana akatazama sakafu, mpishi, mzee aliyekuwa jirani yake, akatazama dirisha. Kwa Wagusii, baba mkwe hamuulizi mke wa mwanawe kama amechoka au mwili unamuuma. Tunaiita ensoni, haya ya heshima. Nami Mgusii wa kuzaliwa nilikuwa nimeisahau kwa kulewa Kihispania.

"Mwalimu, heshima si utumwa," mzee akasema, akichukua kofia. "Mimi nitatoka tu. Huyu abaki asome."

"Tata akitoka kwa sababu yangu, mimi pia natoka," msichana akasema, akimwita baba kwa lugha yetu, machozi yakimlengalenga.

Nilipandwa na hasira. Kazi ya mtoto wa watu ipotee hivi hivi? "Kaeni!" nikafoka. "Ulizaneni habari za ng'ombe!"

Mzee akaketi. Akilitazama dirisha, akauliza: "¿Cómo está la vaca?" Ng'ombe yukoje? Msichana akalijibu dawati: yuko zizini, amechoka, ana furaha. Darasa zima likaangua kicheko. Tangu siku hiyo ng'ombe yule, ambaye hakuwahi kuwepo, aliugua kila ugonjwa na kupona. Daktari alipokuja kuwapima Kihispania, msichana alimweleza maradhi yote hayo bila kigugumizi, akapewa kazi.

Mwaka uliofuata alijifungua mtoto wake wa kwanza hapo hapo zahanati, kwa shida kubwa. Mimi, mwanamke mwenzake, nilikuwa kando ya kitanda. Mzee hakuweza kuingia wala kuuliza. Alisimama nje, chini ya dirisha, na sufuria ya uji wa wimbi. Mara tukasikia sauti yake ikitetemeka:

"¿Cómo está la vaca?"

Msichana akacheka huku akilia. "Está cansada, Tata," akajibu. "Está contenta." Amechoka. Ana furaha.

Huko nje sufuria ikawekwa chini, kisha tukamsikia mzee akipenga kamasi.