Kijiti cha Okwemba Nilichokiita Muujiza

Mwenye makosa ni mimi. Kuna wengine nitawataja hapa chini, maana siwezi kuwaacha waende hivi hivi, lakini mdomo ulionyamaza ulikuwa wangu.

Mimi ni mpiga gitaa kavu, lile lisilo la umeme, mtu wa mtaa wa Ziwani, Nairobi. Mchana nilikuwa kibarua kwenye kiwanda cha mabati, mpaka mashine ikanila vidole viwili vya mkono wa kushoto, cha pete na kile kidogo. Wenzangu wakasema nishukuru niko hai. Nilishukuru! Lakini hebu jaribu kushika nyuzi sita na vidole viwili, halafu uje tushukuru pamoja.

Aliyeniokoa ni Okwemba, rafiki yangu anayenigongea chupa ya soda kwa kijiko nikipiga gitaa. Alichukua mpini wa mwiko wa mke wangu (ai, niligombezwa!), akauchonga, akatoa kijiti cha kufunga kwenye shingo ya gitaa kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Kapo mnazijua, vile vibanio vya nyuzi? Ile ya kawaida inabana nyuzi zote. Hii ya Okwemba ilibana tatu za katikati tu. Za pembeni zikabaki huru, zinalia zenyewe, na vidole vyangu viwili vikatosha kazi yote.

"Piga, buda," akaniambia.

Nikapiga. Watu wazima wawili, tukalia kama watoto.

Tukaanza kupigia wateja wa nyama choma pale soko la Burma. Watu hawakuamini! Vijana wa gitaa wakaanza kunyoosha shingo kuchungulia. Hapo ndipo ujanja wangu wa kijinga ulipozaliwa: nikafunika kijiti kwa kitambaa cheupe cha mfukoni, wasije wakaniibia. Wataniibia nini, na mimi sikukibuni?

Siku moja Njoki, mama wa kwaya, alikuja kununua nyama akatusikia, akatualika kanisani kwao. Tukaenda. Hata wimbo haujaisha vizuri, Njoki akaruka juu: "Jamani, hicho kitambaa kina upako!"

Mchungaji Elifasi hakuuliza kilicho chini ya kitambaa. Alinishika mkono akauinua, kila mtu aone pengo. "Ndugu, ni nani aliyekurudishia mkono huu?"

Okwemba alikuwa hapo kando yangu na chupa yake. Nilimwona vizuri kabisa.

"Ni Bwana," nikasema.

Kanisa likalipuka! Mimi nikawekewa kiti cha mbele, nikaletewa chai ya maziwa na mandazi. Okwemba akaambiwa asisahau kurudisha chupa.

Tulipotoka nje alikuwa bado anacheka. "Kumbe siku hizi naitwa Bwana!" Kisha akaacha kucheka. "Jumapili waambie tu, ndugu yangu. Sema ni kijiti. Sema ni mimi nilichonga. Sitaki kingine."

"Nitasema."

Sikusema! Jumapili hiyo watu walipanga foleni kugusa kitambaa. Nyanya mmoja alikisugua kwenye goti lake, akarudi kwenye benchi akichechemea vile vile, na bado wakampigia makofi. Ningesemaje, na chai bado iko moto?

Nilimwona Okwemba akiinuka kule nyuma. Chupa aliiacha sakafuni.

Jumamosi iliyofuata akabisha mlangoni kwangu.

"Niaje. Nimekuja kuchukua kijiti changu."

"Manze, kesho tuna krusedi ya kanisa kule Mathare! Nitapiga na nini?"

"Si uko na kitambaa?"

Hakunitukana. Angenitukana ningepata nafuu. Alifungua ule mpira polepole, akatia kijiti mfukoni, halafu akakunja kitambaa changu vizuri kama nguo iliyopigwa pasi, akakiweka juu ya gitaa.

Mathare nilifunga penseli chini ya kitambaa. Penseli ikabana nyuzi zote sita. Nilipopiga, ilitoka sauti ya mabati yanayoburutwa, na hiyo naijua vizuri. Mahali fulani katika umati mtoto akaanza kulia.

Elifasi akanyakua maikrofoni: "Ndugu huyu ana dhambi aliyoificha!"

Ndilo neno la kweli la kwanza nililowahi kumsikia akisema. Njoki naye, yule yule wa upako: "Mimi nilimshuku kitambo." Nyinyi wawili, kama mnasoma hapa, mandazi yenu yalikuwa magumu.

Nilienda kwa Okwemba kuomba msamaha. Nikamkuta ameketi na gitaa ya kuazima, kijiti kimefungwa, anajifundisha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akanisukumia chupa na kijiko.

"Chupa haitaki vidole vingi," akasema.

Sasa mkija Burma mtaniona. Yeye anapiga gitaa, vibaya kiasi, mimi nagonga chupa. Mteja akiuliza nani alibuni hicho kijiti, Okwemba ananiangalia kwanza, halafu anajibu: "Ni Bwana." Wateja wanasema amina. Mimi naangalia chupa yangu.

Kwa hivyo wewe unayesoma, mtu akikushika mkono ukiwa umeanguka, mtaje jina mbele za watu, na umtaje siku hiyo hiyo. Usingoje chai iishe. Aliyechonga kijiti kile anaitwa Okwemba.

Haya, nimesema. Kumbe ilikuwa rahisi hivyo tu!