Karatasi ya Pasta

Shule ninayofundisha hapa Bunia ni ya Leta, yaani serikali, na ya kanisa kwa pamoja. Leta inalipa walimu, ikikumbuka, kanisa linaongoza. Sikuwahi kuona ajabu. Kila Septemba nilimpelekea direktere, mkuu wetu wa shule, karatasi ya pasta inayosema mimi ni mshiriki mwaminifu, yeye anaitia kwenye faili, tunaendelea na kazi.

Mwaka ule mume wangu aliuawa njiani akitoka Mongbwalu, nami nikaacha kwenda kanisani. Watu walidhani nimemkasirikia Mungu. Hasira ninaijua, ninayo ya kutosha, waulize wanafunzi wangu. Haikuwa hasira. Nilikuwa nimekufa ganzi tu. Jumapili nilifua nguo, nikaanika, nikakaa kuzitazama mpaka jua likageuka.

Septemba ikafika, karatasi sina. Direktere hakunifukuza, akufukuzaye hakwambii toka. Alianza kusema kwamba wazazi wa darasa la sita wanaulizauliza, kwamba kuna mwalimu aliyekimbia vita huko Aveba, mtu wa sala, anatafuta nafasi. Nikamwambia namba yangu ya kazi nimepewa na Leta, na katiba tunayowafundisha watoto hainidai kusema ninasali wapi. Sikusema polepole. Ofisi yake na darasa langu vimetengwa na ukuta wa mbao, na watoto wana masikio.

Alinisikiliza hadi mwisho, kwa adabu.

"Leta inakulipa, lakini kanisa ndiyo inakuchunga," akasema. "Lete karatasi, madamu. Kama hauna, siwezi kutuma jina yako."

Jina lisipotumwa kwa Leta, sina darasa wala mshahara, na nyumbani nina watoto watatu.

Nikaenda kwa pasta. Ni mzee mpole, ndiye aliyemzika mume wangu, na sitamsingizia: hakunigombeza wala kuniombea kwa kelele. Alinimiminia chai, akauliza hali ya watoto. Kisha akanieleza kwamba hawezi kuandika kuwa mimi ni mwaminifu wakati kanisa zima linaona nafasi yangu iko tupu.

"Simama tu mbele ya watu, useme umerudi," akasema. "Ingine yote Mungu anajua."

Jumapili nikavaa kitenge cha akina mama wa kanisa, nikasimama, nikasema nimerudi. Wakapiga makofi na vigelegele. Mama mmoja akanikumbatia huku analia machozi ya kweli, nami nilikuwa nikijiuliza kama nimefunga mlango wa jikoni. Nilidhani angalau nitaona aibu. Hata hiyo haikuja. Jumatatu asubuhi, kabla bendera haijapandishwa, karatasi ilikuwa mezani kwa direktere, na muhuri juu yake.

Wiki chache baadaye tukafika kwenye somo la uraia linalohusu uhuru. Nilifundisha kama miaka yote: Leta haina dini, kila mtu ana haki ya kusali, au kutosali, kama dhamiri yake inavyomwambia. Watoto wakanakili. Kwenye jaribio niliwauliza kama mtu anaweza kunyimwa kazi ya Leta kwa sababu hasali. Wote waliandika hapana, isipokuwa msichana mmoja ambaye mama yake ni wa kwaya. Yeye aliandika ndiyo. Nikachora msalaba mwekundu juu ya jibu lake, nikamnyima pointi mbili.

Alikuja na karatasi yake mezani kwangu. Hakuja kubishana, alitaka kuelewa tu.

"Madamu," akasema kwa sauti ya chini, "lakini weye walikukatalia kazi mupaka ukasimama mu kanisa. Siye wote tulikuona."

Kalamu nyekundu ya Bic ilikuwa bado mkononi mwangu. Ningeweza kumwambia kwamba amejibu vizuri kuliko darasa zima, na kwamba aliyekosa ni mimi. Nikamwambia jibu liko kwenye kitabu, akalisome tena.

Akarudi kwenye benchi lake, akafungua kitabu, akasoma kwa kidole. Halafu akakata ile ndiyo yake kwa rula, mstari mmoja ulionyooka, akaandika hapana kando yake, akaniletea.

Nikamrudishia pointi zake mbili. Hapo ndipo nilipoona aibu.