Mguu Uliokatwa kwa Jina Langu

Nakumbuka alasiri moja, mwanangu, niliporudi lainini kutoka Sotik nikiwa nimeshiba mursik, maziwa yetu ya mgando, na nyama ya harusi. Jirani yangu, mama mmoja aliyekuwa akichambua mboga mlangoni, aliacha kazi yake akanitazama miguu. Hakunisalimu. Aliitazama yote miwili, mmoja baada ya mwingine, kisha akasema, "Kiplangat, si karani amesema wewe uko hospitali? Amesema umekatwa mguu."

Nilicheka. Ujana hucheka kwanza, ndipo uulize.

Ngoja nikueleze, maana ninyi wa leo hamyajui mambo ya laini, zile nyumba za safu walizopewa wafanyakazi wa shamba. Hiyo ilikuwa miaka michache baada ya uhuru. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini na kitu, nimeandikwa katika shamba moja la majani chai upande wa Kericho. Sikuwa mchumaji, nilikuwa kwenye genge la kuni. Sisi ndio tuliokata mikaratusi na kupakia magogo kwenye trela, yapelekwe kiwandani yakakaushe majani. Kila asubuhi nyapara aliita namba zetu, wala hakuita majina. Ukiitika, umeanza kazi. Usipoitika siku tatu, kazi imekwenda na chumba kimekwenda nayo.

Kwa hiyo watu wa laini tulikuwa na desturi ya kushikiana namba. Mwenzako akienda matanga, unaitika kwa namba yake na kufanya kazi yake, naye siku yako atakufanyia hivyo hivyo. Baba yangu alikuwa amenionya. Aliniambia jembe huazimwa, hata ng'ombe huazimwa, lakini jina la mtu haliazimwi. Nilimwona mzee wa watu asiyejua kazi za mshahara.

Chumbani kwangu alilala Ombati, kijana mpole wa Kisii, aliyekuja kutafuta kazi na alikuwa bado hajaandikwa. Sasa kijana wa rika langu alikuwa anaoa Sotik, nami nyapara akaninyima ruhusa. Nikamwambia Ombati aitike badala yangu siku tatu. Nyapara alilijua hilo. Alikohoa tu akasema, "Mimi nahesabu watu. Sura sihesabu."

Siku ya pili mnyororo wa trela ulikatika, gogo likaporomoka, likamponda Ombati mguu wa kulia. Kwa kuwa namba aliyoitika asubuhi ilikuwa yangu, jina lililoandikwa kitandani kwake hospitalini likawa langu. Wahenga walisema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Asiyesikia nilikuwa mimi, mwanangu. Guu lililovunjika lilikuwa la mwenzangu.

Nilikwenda hospitalini mbio. Nikamkuta amelala, blanketi limeinuka juu ya mguu mmoja, na upande wa pili limelala bapa kuanzia pajani. Nilitarajia anitukane. Kusema kweli, nilitaka anitukane. Badala yake alinivuta mkono akaninong'oneza, "Usiseme kitu. Wakijua hukuwa kazini watakufuta. Mimi naitika tu." Na kweli, muuguzi alipopita akiita "Kiplangat!" Ombati alijibu, "Niko," akanyoosha mkono apewe dawa. Nilistaajabu, na hadi leo sijamaliza kustaajabu. Mtu amepoteza mguu, na bado analinda kazi ya yule aliyekuwa akicheza harusini!

Ningekuwa mwanamume, ningekwenda ofisini saa ile ile. Sikwenda. Nyapara, ambaye naye aliogopea kazi yake, aliniambia nikajifiche nyumbani Bomet: fidia ingetoka kwa jina langu, kisha nimpe Ombati mkononi. Nikakubali. Sikufikiri kwamba siku ya kudai fidia mtu huulizwa kitambulisho, na kitambulisho kina alama za vidole. Akidai kama Kiplangat, vidole vitamkana, nami mwenye vidole hivyo nina miguu miwili. Akidai kama Ombati, shamba litamkana, kwa sababu katika vitabu vyao hakuwahi kukanyaga pale. Hivyo ndivyo nilivyokuwa nimemfungia njia zote mbili, na mimi nikajiita rafiki yake.

Aliyeniamsha ni mama yake. Alisikia kwao Kisii kwamba mwanawe ameumia, akaja na mkungu wa ndizi mgongoni. Akauliza hospitalini Ombati yuko wodi gani. Wakafungua kitabu, wakamwambia hakuna mtu wa jina hilo, aende zake. Mama hakwenda. Alipita kitanda hadi kitanda, akiinama kutazama nyuso za wana wa watu, mpaka akafika kwa wake. Uchungu wa mwana aujuaye mzazi.

Siku hiyo nami nilikuwa nimetoka Bomet kumwona mgonjwa. Mama hakunipigia kelele.

"Wewe ndiye Kiplangat?"

"Ndiyo, mama."

"Mguu wa mtoto wangu ulikatwa na gogo, sawa. Na jina lake, nani alikata?" Alipangusa paji la uso la mwanawe kwa leso. "Angekufa hapa, wangeniita mimi nikuje kuzika, ama wangeita mama yako?"

Mwanangu, nimesikiliza wahubiri wengi. Hakuna aliyewahi kunitetemesha kama mama yule. Niliwaza mama yangu akilia juu ya jeneza la mtoto wa mwingine, na huyu wa Kisii akingoja barua maisha yake yote. Nikakaa sakafuni.

Ombati alipopata magongo, tulikwenda pamoja Kericho, ofisi ya leba inayoshughulikia mambo ya wafanyakazi, yeye, mama yake na mimi. Karani wa shamba alikuwapo, na nyapara pia. Afisa akaita, "Kiplangat, aliyekatwa mguu." Tukasimama wawili. Afisa akavua miwani akatutazama.

Mficha uchi hazai. Nikasema yote: harusi, namba, kujificha. Karani akadakia kwamba kama ni hivyo, huyu mwingine ni mpita njia, shamba halimjui. Afisa hakubishana naye. Alimgeukia nyapara. "Asubuhi hiyo ulipoita namba hii, nani aliitika?"

Nyapara alikuwa na watoto sita na chumba cha shamba. Akaitazama suruali ya Ombati iliyokunjwa na kubanwa kwa pini.

"Ni huyu," akasema. "Nilimjua. Shoka nilimpa mimi mwenyewe."

"Basi uliyemwita ukampa shoka ndiye mfanyakazi wenu," afisa alisema. Akakata jina langu katika faili, akaandika lingine. Mama akamwomba alisome kwa sauti. Akasoma: Ombati. Mama akaomba alisome tena. Afisa wa serikali, mtu mzito, akalisoma tena taratibu. Hata yule karani wa shamba alisimama wima, sijui nani alimwambia asimame.

Fidia ilitoka, polepole kama mambo ya serikali yatokavyo, na ilitoka kwa jina lake. Mimi na nyapara tulifutwa. Nilirudi Bomet kulima mahindi, na Ombati alikuja kunitembelea miaka mingi, hadi alipotangulia mbele ya haki. Hakunilaumu hata siku moja. Laiti angenilaumu kidogo, ingenipunguzia mzigo.

Wazee wenzangu hulalamikia magoti. Yangu yote mawili huniuma, hasa baridi ya Julai, na sithubutu kulalamika. Nikiamka hukaa kwanza kitandani nikayatazama.

Basi sikia, mwanangu. Naona siku hizi mnaazimana vitambulisho kana kwamba ni kiberiti. Usifanye hivyo. Ukiingia kazini, hakikisha umeandikwa wewe, kwa jina alilokupa mzazi wako. Ukiumia, sema siku hiyo hiyo, mbele ya shahidi, na usitie kidole kwenye karatasi ambayo hujasomewa. Na mwenzako akiumia mahali ulipopaswa kuwa wewe, usijifiche nyuma ya wema wake. Yeye atakusitiri, kwa kuwa ni mwema. Wewe simama useme, hata ikikugharimu kazi.

Mungu ailinde miguu yako, na ya wote unaobeba nao mzigo. Akupe rafiki kama Ombati, na akuepushe kumtenda kama nilivyomtenda mimi. Na siku jina lako litakapoitwa, akujalie uwe pale, uitike mwenyewe.