Nilivyonunua vizimba vya zamani vya kutegea aluru Ndhiwa, na vanishi ilivyotaka kunikosesha

Wakuu, habari za huko mliko.

Nimesoma nyuzi za wengine humu kwa muda mrefu bila kuandika hata mstari. Kila nikianza naona sentensi haijakaa sawa, nafuta. Leo natuma kama ilivyo. Yote niliyoandika ni kweli, hata yanayonitia aibu.

Mimi ni kijana wa Rongo, natengeneza simu na redio. Ufundi nilijifunza mwenyewe kwa video, sijawahi kukaa darasani kwa ajili yake.

Kwa muda mrefu nilikuwa na wazimu wa bunduki za zamani za mitutu miwili, zile za kuwindia ndege wa nyasini. Nilitazama video hadi nikawa najua majina ya sehemu zake zote. Mbao iliyosuguliwa na mikono ya watu waliokufa zamani, chuma kilichochorwa maua. Kitu cha maana kabisa.

Tatizo ni kwamba Kenya kuwinda kwa bunduki kulipigwa marufuku zamani. Nilikuwa mtaalamu wa kitu nisichoweza kukitumia hata siku moja.

Mteja mmoja aliyeleta redio yake akanikuta natazama hizo video. Akacheka.

"Omera, ndugu yangu, bunduki ya nini? Kwetu ndege anaitwa na ndege mwenzake."

Alikuwa anamaanisha aluru, kware wetu wadogo wa nyasini. Kwa wasiojua: unasimamisha mlingoti mrefu kilimani, unaning'iniza vizimba kimoja juu ya kingine, kila kizimba na aluru mmoja ndani. Alfajiri wanaita. Wa porini wanasikia, wanakuja kwa miguu kupitia vinjia vya nyasi, na huko umewatandikia vitanzi.

Nimekulia huku na nimekula aluru tangu utotoni, lakini sikuwahi kuutazama mtego kama chombo cha ufundi. Mteja akaniambia kuna mama Ndhiwa anauza wa marehemu mumewe. Nilitafuta kibali cha kutegea kwanza, maana mimi bila karatasi silali. Kisha nikaenda.

Wakuu, ile siku siisahau.

Mama Otieno aliniingiza jikoni. Vizimba sita vilikuwa vinaning'inia juu ya moto, vyeusi kwa moshi, vinang'aa kama viatu vipya. Vimesukwa kwa vijiti vyembamba na kamba ya katani, umbo la kibuyu. Hakuna msumari, hakuna waya. Nilitafuta mahali fundi alipoanzia kusuka na mahali alipomalizia, sikupaona. Mlango wa kila kizimba unajifunga wenyewe ukiuachilia. Ndani aluru walikuwa wanakula mtama wao, hawana habari na mimi.

Nilisimama pale hadi shingo ikaniuma.

"Unanunua au unaomba?" mama akauliza.

Nikamwambia nanunua. Akasema kuna mwingine anavitaka, bwana mmoja mwenye nyumba za wageni kule ufukweni Homa Bay. Anataka kuviwekea taa, avining'inize juu ya meza za wageni. Na anatoa pesa nzuri kuliko zangu.

"Lakini mimi nataka mtu atakayesimamisha mlingoti," akasema. "Mzee wangu hakusuka taa. Simamisha hapa kilimani, nisikie. Wakiita, ni vyako. Wasipoita, yule wa taa anakuja Jumamosi."

Makubaliano rahisi kabisa. Mtu mwingine angesimamisha kesho yake.

Mimi niliomba nivibebe kwanza nyumbani nikavifanyie service. Mama alishangaa, lakini akakubali. Ndege wakabaki kwake ndani ya tenga.

Sasa sikilizeni. Kwenye zile video za bunduki wanasema kila siku: kitu cha zamani usikipige msasa, usikipake kitu, utakiua. Nimeisikia hiyo sentensi mara nyingi kuliko jina langu. Lakini nilipoviweka mezani chini ya taa, niliona masizi. Niliona kijiti kimoja kimepinda. Kichwani ikaanza ile sauti yangu, kwamba mama ataniona mtu ovyo nisipovirudisha safi.

Nikaviosha kwa sabuni ya unga. Nikavipiga msasa mdogo. Nikavipaka vanishi mara mbili.

Kusema ukweli vilipendeza sana. Nilipiga picha.

Ijumaa alfajiri tulikuwa kilimani, mimi na mama na shemeji yake aliyetusaidia kuinua mlingoti. Ukungu ulikuwa umelalia mashamba ya miwa. Vizimba vinang'aa huko juu kama chupa.

Kimya.

Jua likatoka. Kimya bado. Aluru wamejikunyata, kila mmoja upande mmoja wa kizimba chake, mdomo nje, kama watu waliopakiwa kwenye gari lenye petroli iliyomwagika.

Shemeji akasema, "Labda wanasubiri mchungaji afungue kwa sala."

Mama aliagiza mlingoti ushushwe, akanusa kizimba cha kwanza, akanitazama. Kisha akacheka hadi akakaa chini kwenye nyasi zenye umande.

"Wuoda," akasema, yaani mwanangu, "umewajengea hoteli."

Nilitaka kulia, sitanii. Nilimwambia kila kitu, sabuni, msasa, vanishi mara mbili. Nikasema nimeharibu kazi ya mumewe, kwa hiyo kesho amuuzie tu mwenye taa. Akaniambia nirudi kesho yake, Jumamosi.

Bwana wa taa alikuja na gari safi, akaviona vizimba vimepangwa uani. Alifurahi mno.

"Mathe, hizi sasa ndizo. Hii finishing nani amefanya?"

Nikainua mkono kama mwanafunzi.

"Bro, uko juu. Naongeza bei."

Wakuu, nilikuwa nimemfanyia mpinzani wangu kazi bure.

Mama akamuuliza, "Ndani utaweka nini?"

"Bulb, mama. Ya manjano, ile ya kupendeza."

"Na ndege?"

"Ndege wa nini, mathe? Wageni watalalamika kelele."

Mama alichambua mtama kwenye ungo. Halafu akasema, polepole, bila hasira:

"Huyu kijana amevipaka kwa sababu anavipenda. Wewe umevipenda kwa sababu amevipaka. Nenda salama, baba. Chukua mayai ya njiani."

Na kweli alimpa mayai. Jamaa aliondoka anacheka, hakuwa mtu mbaya.

Mama akaninyooshea panga.

"Kuni ziko kule nyuma. Hivi vitu vinarudi jikoni hadi vinuke nyumbani kwao. Na moto utauwasha wewe."

Basi ikawa ndiyo kazi yangu. Nikifunga kibanda Rongo napanda gari hadi Ndhiwa, napasua kuni, nawasha moto, nakaa na moshi machoni. Mama ananifundisha kusokota vitanzi vya nywele za mkia wa ng'ombe. Cha kwanza nilikifungua na kukifunga hadi akaninyang'anya. "Kitanzi si cha harusi," akasema.

Moshi uliila ile vanishi vibaya. Ilipasuka, ikachuruzika, ikawa rangi ya chai iliyochacha. Vizimba vikawa vibaya kuliko nilivyovikuta. Nililala navyo akilini kila siku, na kila siku mama alinusa akasema bado.

Siku aliyosema sasa, tulipanda tena kilimani kabla ya mapambazuko. Tukainua mlingoti. Nilikuwa nimeshika kamba.

Aluru wa juu kabisa akaanza. Wit-wit. Wit-wit. Akanyamaza. Akarudia, na wa pili akadakia, na wa tatu. Na kutoka chini kwenye nyasi, kando ya miwa, mmoja ambaye si wetu akajibu.

Mama Otieno alikuwa amesimama, khanga amejifunika kichwani, amefumba macho. Alisikiliza muda mrefu. Kisha akasema, "Peleka pesa kwa shemeji, mimi saa hii nina kazi," na akaendelea kusikiliza.

Nilichojifunza, wakuu: kitu cha zamani kikikufikia mkononi, kitumie kwanza. Ubaya unaouona huenda ndio unaokifanya kifanye kazi. Na kama wewe ni mtu wa wasiwasi kama mimi, tafuta mtu wa kukunyang'anya kitanzi.

Karibuni mchangie, hasa mliowahi kutegea. Na mwenye ujuzi anisaidie: kuna njia ya kutoa vanishi bila kemikali? Maana aluru wa vizimba viwili vya chini bado wamenigomea.